Nilivyokipa kiwiliwili nguvu ya karate

Nafanya karate ya mtindo wa Goju-ryu, na kwa muda mrefu teke langu la mawashi geri, lile la kuzungusha mguu kutoka ubavuni, lilikuwa na kishindo tu. Gunia la mazoezi linalia, lakini halisogei. Miguu yangu haikuwa na shida. Nguvu ilitoka sakafuni vizuri, ikafika nyongani, ikapotelea kiunoni.

Dawa nilianza kuipata kwenye kata (mfuatano maalumu wa miondoko) ya Sanchin, ile aliyoitilia mkazo Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu kule Okinawa. Unasimama umebana makalio, unapumua kwa nguvu kutoka chini ya kitovu, huku mwalimu akikupigapiga kwa viganja mabegani, mgongoni na mapajani. Siku moja sensei alinigonga ubavuni nikayumba. Akaniambia, “Mbele umejenga ukuta, ubavuni umeacha mlango wazi.”

Tangu hapo sitapu, zile za kulala chali na kuinuka kukaa, nikazipunguza sana. Kazi kubwa ya misuli ya kiwiliwili katika mapigano ni kuuzuia uti wa mgongo usipinde wala kujisokota ovyo, ili nguvu ya nyonga ifike nzima kwenye ngumi au mguu. Nikashika mazoezi matatu ya Stuart McGill, mtafiti wa mgongo aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. La kwanza, unalala chali, goti moja umelikunja, viganja chini ya kiuno, unainua kichwa na mabega kidogo sana. La pili, unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko. La tatu, unapiga magoti na viganja chini, kisha unanyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu unabadilisha. Kila mkao sekunde 10, na pumzi isikatike. Hili la ubavu ndilo lililonitoa jasho, na ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Nikaongeza tyubu ya baiskeli. Naifunga kwenye nguzo usawa wa kifua, nasimama ubavu, naishika kwa mikono miwili na kuisukuma mbele taratibu. Tyubu inakuvuta ugeuke, wewe unakataa.

Kukaza peke yake hakutoshi. Mwaka 2010 McGill na wenzake walichapisha vipimo vya wapiganaji hodari wa mapambano mchanganyiko: misuli hukaza pigo linapoanza, hulegea ili kiungo kipate kasi, kisha hukaza tena linapotua. Kwa hiyo baada ya tyubu naenda moja kwa moja kwenye gunia, napiga teke mojamoja bila haraka, na pumzi naitoa kwa mkato mguu unapogusa.

Sasa gunia linasogea, na mguu wangu unarudi chini nikiwa bado nimesimama sawa, tayari kwa pigo linalofuata. Ubavu wa kushoto bado ni dhaifu kuliko wa kulia, ndiyo maana kila zoezi naanza na kushoto, kabla sijachoka.