Siku ya fundi bomba: skrubu moja, asubuhi nzima

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Mbagala, begi la spana mgongoni, nagombania daladala. Saa mbili Sinza, koki inavuja. Nikaweka washa mpya, kile kipete cha kuzuia maji, nikalipwa, nikaondoka. Kazi kama hizo hazina hadithi.

Saa nne nikafika Msasani, ghorofa ya pili. Skrubu inayoshika kizibo cha sinki la kuogea ilikuwa imetumbukia kwenye tundu la maji.

"Fundi, si ununue nyingine tu?" akauliza mama aliyeniita.

Masinki haya ya kuagizwa yana uzi wa skrubu wa ajabu ajabu. Unaweza kuzunguka Kariakoo mpaka maduka yanafungwa usipate inayoingia.

"Basi tumia sumaku, nimeona mtandaoni."

Mama, hii ni shaba, haishikwi na sumaku.

"Basi fungulia maji iende zake."

Hapo nilipandisha sauti kidogo, Mungu anisamehe. Skrubu ikiwa bado imetulia kwenye ule mkunjo wa bomba unaotunza maji ya kuzuia harufu, tuna bahati. Ukifungulia maji unaisukuma mbele, na huko mbele bomba limelala ndani ya zege.

Kuufungua mkunjo wenyewe haikuwezekana. Aliyejenga alizungushia sinki vigae bila kuacha hata kidirisha cha fundi. (Mnaofanya hivi mnamkomoa nani?) Nikaingiza waya wenye ndoana, nikavuta nywele, nikavuta sabuni, nikavuta nywele tena. Magoti yanawaka moto, jasho linadondokea humo humo, na mama kasimama juu ya kichwa changu anauliza kama bado.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoazima mashine ya kuvuta maji kwa kijana anayesafisha makochi ghorofa ya chini. Lile tundu la juu la kupunguzia maji nikaliziba kwa tambara bichi, maana likiwa wazi mashine inavuta hewa tu. Nikafunga soksi ya nailoni mdomoni mwa mpira, nikaukandamiza kwenye tundu. Maji meusi, uvundo, kisha ta! Skrubu hiyo imenasa kwenye soksi, imeota ndevu.

"Kumbe dakika mbili tu?"

Tulipatana 25,000. Akanitolea 15,000, iliyobaki "nitakutumia jioni". Nikaifunga skrubu, nikajaza sinki likashika maji, kisha nikakaa juu ya begi langu pale mlangoni. Ujumbe wa muamala ulipoingia, nikaaga vizuri. Tandika walikuwa wameshapiga simu: choo kimeziba, na wapangaji nyumba nzima wananisubiri.