Daftari la vipimo la 2018

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta bobini chini ya meza ya cherehani, nikakutana na daftari langu la vipimo la mwaka 2018. Jalada limeliwa na panya, lakini penseli bado inasomeka: kiuno 26, nyonga 34, urefu wa sketi 27, marinda. Kila mstari ni binti wa mtu. Nikakaa chini, nikaanza kuwahesabu wale ambao mama zao niliwaambia wasikubali watoto wachanjwe. Nikafika 11. Hao ni ninaowakumbuka tu.

Nashona sare za shule Kiboriloni, hapa Moshi. Mama anakuja na binti yake, anakaa kwenye benchi, mimi namzungushia mtoto futi huku tunapiga stori. Mtu anayekuletea mtoto wake umpime anakuamini. Na mimi imani ile niliitumia kueneza uongo kwamba chanjo inafunga kizazi, nikiwa na uhakika kabisa kwamba naokoa vizazi vya watu.

Aprili 2018 serikali ilianza kutoa chanjo ya HPV, ya kukinga kansa ya shingo ya kizazi, nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Kwetu Kilimanjaro haikuwa ngeni, ilishaanza kwa majaribio 2014. Neno hilo, majaribio, ndilo nililolishikilia. "Mnasikia wenyewe? Sisi Wachaga ndio wa kujaribiwa." Hakuna aliyenijibu, na mimi sikuuliza. Kumbe kilichokuwa kinajaribiwa ni namna ya kuwafikia wasichana, siyo chanjo. Chanjo yenyewe ilikuwa inatumika nchi nyingine tangu 2006.

Halafu nilikuwa na habari ya Kenya. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa kule walidai chanjo ya pepopunda waliyokuwa wanachomwa kina mama imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali ya Kenya, WHO na UNICEF walikanusha, lakini mimi kanusho halikunifikia, au lilinifikia nikaliruka. Nilichukua maneno ya pepopunda nikayavisha HPV, kama mtu anayehamisha kola ya shati hili kwenda lile. Na nilikuwa na swali langu la kumalizia, ambalo liliwanyamazisha wote: "Kama ni nzuri, kwa nini wanachoma wasichana tu?"

Jibu nilikuja kulipata nimekaa kwenye benchi hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, 2021. Mama yangu mdogo alikuwa ameanza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma miaka mingi. Alificha mwaka mzima, aibu. Tulipofika kule, ilikuwa kansa ya shingo ya kizazi na ilishasambaa. Nesi mmoja mtu mzima, mpole sana, alinieleza taratibu. Kwamba kansa hii inaletwa na kirusi, hicho HPV, na aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu 7 kati ya kila wagonjwa 10. Kwamba ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima, ni mfano wa ganda lake tu, mwili ujifunze kukitambua. Wasichana wanatangulizwa kwa sababu shingo ya kizazi wanayo wao, na dozi hazitoshi kila mtu. Akaniambia Australia wavulana nao wanachanjwa, tangu 2013. Swali langu lile, nililoringa nalo miaka mitatu, alilijibu huku anafunga faili.

Mama mdogo tulimzika baada ya miezi minane. Siku za mwisho alikuwa akishika mkono wangu anasema, "Mwanangu, hili lisimpate mtu." Sikuweza kumwangalia usoni.

Lakini anayeniuma kuliko wote ni rafiki yangu wa cherehani ya pili. Tumekaa naye bega kwa bega miaka 15. Mwaka 2018 binti yake alikuwa na miaka 14, na siku wachanjaji walipokwenda shuleni kwao alimbakiza nyumbani, akasema anaumwa tumbo. Mimi ndiye niliyempa hayo maneno ya kusema. Na uongo wangu wa chanjo yeye akaupeleka kwenye kikoba chao, kina mama 30.

Nilipotoka msibani nilimweleza kila kitu. Nilimwomba msamaha nikilia. Alisimamisha cherehani, akaniangalia muda mrefu.

"Dada, nakuonea huruma kwa msiba. Ila mwaka ule uliniapia kwa Mungu. Leo nikuamini yupi, wa juzi au wa leo?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tangu nilione daftari nimeanza kuwapigia wale 11. Wanne nimewapata. Mmoja alinishukuru, mmoja alikata simu. Mabinti zao wameshavuka umri wa chanjo ya bure. Ninachowaambia ni kwamba wakifika miaka 30 wasikose kupimwa, kile kipimo cha kupakwa siki kwenye shingo ya kizazi, kinachoonyesha mabadiliko kabla hayajawa kansa. Naongea kama nasoma, maana nikisita kidogo nalia.

Jana rafiki yangu alikuja na kitinda mimba wake, sketi imembana. "Mpime," akasema, akaenda kukaa kwenye mashine yake. Nikamzungushia mtoto futi, nikanyamaza. Nilishaamua neno la chanjo lisitoke kwangu tena mpaka aniulize mwenyewe.

Akauliza, bila kuinua kichwa. "Ile sindano. Siku hizi wanachoma mara ngapi?"

"Moja tu. Tangu 2024. Kuanzia miaka 9 mpaka 14."

Akakata uzi kwa meno, akaendelea na kola yake. Nikaandika kwenye daftari jipya: kiuno 25, nyonga 33, urefu 26. Pembeni, kitu ambacho sijawahi kuandika, nikaweka na umri. Miaka 13.