Kokoto za Bibi

Kwenye daftari la kliniki ya kifua kikuu, mgonjwa aliyekosa kuja kuchukua dawa aliandikwa kwa wino mwekundu: mtoro. Basi, hakuna maelezo mengine. Nilikuwa na miaka 24, mhudumu wa afya ya jamii mwenye miezi minne tu kazini, fulana bado mpya. Asubuhi ile sista alinipa karatasi yenye majina matatu, akasema, "Haya, nenda katafute watoro wako." Hilo "wako" lilinipendeza, nakiri. Nilijiona askari.

Wa kwanza alishahama, na majirani hawakujua alikoelekea. Wa pili alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma. Daftarini bado alikuwa mtoro. Mbele ya jina la tatu, mahali pa kuandika makazi, mtu alikuwa ameandika neno moja: machimboni.

Barabara ya juu ya machimbo yale ya mawe nilikuwa nimepita mara nyingi. Chini sikuwahi kushuka. Magari ya chanjo yalikuwa yakiishia kwenye lami, yakipiga kipaza sauti, na anayetaka huduma apande kilima. Huko chini watu walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo tangu alfajiri, na wakilala hapohapo kwenye vibanda vya maturubai, maana wasiokuwepo lori linapofika hawapakii, na asiyepakia halipwi. Vumbi lilikuwa limetanda kama ukungu. Baadaye nilikuja kufundishwa kwamba vumbi la mawe ya aina ile likikaa kwenye mapafu linamwongezea mtu uwezekano wa kuugua kifua kikuu kwa kiasi kikubwa. Siku ile nilichojua ni kwamba linawasha macho.

Nilimkuta amekaa juu ya rundo lake la kokoto, nyundo mkononi, mwembamba kupita nilivyotarajia. Nilianza somo langu bila hata salamu ya maana. Dozi ni miezi sita. Miwili ya mwanzo ni dawa za aina nne, minne inayofuata ni za aina mbili. Ukiacha katikati, vimelea vilivyobaki vinazoea dawa, na kifua kikuu sugu tiba yake ni ndefu na ngumu zaidi. Nilisema yote hayo nikiwa nimesimama, yeye amekaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dokta," akasema (huko chini kila mwenye fulana ya kliniki ni dokta), "mimi sijaacha."

Akaingia kibandani akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mara mbili. Ndani mlikuwa na vidonge vya dozi nne. Mara ya mwisho alipofika kliniki aliomba apewe vya wiki mbili badala ya moja, na sista akamhurumia. Alipojua hatapata nafasi ya kurudi tarehe aliyopangiwa, kwa sababu siku ya kliniki ya kifua kikuu ilikuwa ndiyo siku ya lori, alifanya hesabu ya mtu mwenye kitu kidogo anachotaka kifike mbali. Alikuwa akimeza vidonge vyake vitatu siku moja, kesho yake anaruka. Akaniambia hivyo kwa sauti ya mtu anayetegemea kupongezwa.

Nilikosa la kusema. Alikuwa akiitunza dawa kwa namna ileile inayoiharibu, na hakuna aliyewahi kukaa naye amweleze. Karatasini jina lake lilikuwa na wino mwekundu.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili alilisema akiangalia pembeni. Wiki za mwanzo, homa ilipomwachia, njaa ilimrudia kwa nguvu asizowahi kuziona. Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza kupona hamu ya kula hurudi. Kwa mwenye chakula hiyo ni habari njema. Yeye alikuwa na mke na watoto wawili, mkubwa hajatimiza miaka mitano. "Siku nikimeza, nakula cha watoto. Siku nisipomeza, navumilia." Kwa hiyo kuruka siku kulikuwa na faida mbili kwake.

Niliomba kuwaona watoto. Hawakuwa wamewahi kupimwa, ingawa utaratibu unataka kila mtoto wa umri ule anayeishi na mgonjwa achunguzwe, na akionekana mzima apewe dawa za kinga. Tungewapimaje, wakati hatukujua hata kwamba wapo? Mdogo alikuwa amelala mchana kutwa, bila kulia. Jirani mmoja, bibi mzee aliyeponda mawe rundo la pili kutoka hapo, akaniambia bila kuinua kichwa, "Huyo wa mwisho suruali zinamshuka, mwanangu. Mwezi wa pili huu."

Nilipanda kilima jioni ile nimenyamaza. Sista alisoma sura yangu, akasikia na habari ya mfuko wa nailoni, akakaa. Yeye alikuwa na miaka mingi kwenye kazi ile na hakuwa mtu wa kujilaumu kwa sauti. Alichosema ni, "Lori linakuja saa ngapi?"

Lilikuwa likija asubuhi na kuondoka mchana. Dawa zile hazijali mtu anameza saa ngapi, almuradi iwe saa ileile kila siku. Basi wiki iliyofuata nikashuka jioni na kikopo cha makohozi. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi kuona kama yana vimelea vya kifua kikuu na kama ni sugu, inatoa jibu ndani ya saa mbili, lakini mashine ilikuwa mbali, kwa hiyo jibu letu lilichukua siku tano, na siku zote tano sikulala vizuri. Usugu haukuonekana. Sista akaamua aanze dozi upya, siku ya kwanza. Mtoto mdogo akaanzishiwa matibabu, kwa uzito na dalili zake, maana mtoto wa umri ule hawezi kukohoa makohozi ya kupima. Mkubwa akapewa dawa za kinga. Chakula cha nyongeza tulikipigania kwa barua tatu na kikaja nusu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Julian Tudor Hart, daktari aliyewatibu wachimbaji wa makaa ya mawe katika kijiji cha Glyncorrwg, Wales, aliandika mwaka 1971 katika jarida la The Lancet kwamba huduma nzuri ya afya huelekea kuwa haba palepale inapohitajika zaidi. Niliposoma niliiona kliniki yetu juu ya kilima na siku yake ya lori.

Alihitajika msimamizi wa kumwona akimeza kila jioni. Mke alikuwa akirudi usiku. Niliwaza kumwomba kijana mmoja aliyejua kusoma, ila mgonjwa mwenyewe akamtaja bibi wa rundo la pili. Hakujua kusoma wala kuandika. Nilisita, na najua kwa nini nilisita, wala si jambo la kujivunia. Bibi alitafuta kopo la rangi lililokwisha, akasema kila akimwona amemeza atatia kokoto moja. Nilimweleza pia kwamba dawa ikiwa mwilini mkojo hugeuka rangi ya chungwa, asiogope. Kosa langu. Tangu siku hiyo kila alfajiri machimbo yote yalimsikia akiuliza kwa sauti, "Baba nanii! Leo umetoka rangi gani?"

Mimi nilikuwa nikishuka Jumamosi na dawa za wiki, na kadi ya matibabu nilikaa nayo mwenyewe. Dozi nzima ni siku 168 za kumeza, kila mwezi ukihesabiwa siku 28. Siku alipomaliza tulipanda kilima wote, yeye, mke, watoto, na bibi amekumbatia kopo. Mgonjwa alikuwa ameongezeka kilo saba. Sista aliangalia kadi yangu: alama zimejaa kila kisanduku, safi kabisa. Kisha, kwa utani nadhani, akalimwaga kopo juu ya meza akaanza kuhesabu kumikumi.

Zilikuwa 165.

Bibi hakushtuka. Moja ni siku ya mazishi ya mpondaji mwenzao, walichelewa kurudi. Mbili ni zile siku walipobomolewa vibanda, mfuko ukapotea kwenye vurugu mpaka ukapatikana chini ya turubai. Sista akanigeukia na kadi yangu mkononi. Nilikuwa nikijaza wiki nzima kwa mkupuo kila Jumamosi, nikiwa nimeegemea kibanda, na sikuwahi kuuliza.

Hakunikemea mbele yao. Alifungua kabati, akahesabu dozi tatu, akazitia kwenye bahasha na kumkabidhi bibi.