Skrubu moja imebaki

Jumapili nzima nimeshinda sakafuni na bisibisi. Mashine yangu ya kahawa, ya mtumba niliyoiokota Kariakoo, ilikuwa inanguruma tu, maji hayatoki. Nikaichomoa kwenye umeme, nikaiacha ipoe, nikafungua skrubu sita. Ya saba ilijificha chini ya kimpira cha mguu wa mashine, nusu saa naitafuta! Pampu ilikuwa nzima. Kumbe kimpira kinachoingiza maji kwenye hita kimeziba: ukoko mweupe wa chokaa, mgumu kama ganda la yai. Haya maji yetu ya kisima haya! Nikakiloweka kwenye siki usiku kucha. Leo asubuhi kahawa imetoka, ina kaharufu ka achari. Skrubu moja imebaki mezani, sijui ya wapi.