Siku moja kati ya cherehani na wodi

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Leo ni siku ya tisa mume wangu yuko wodini akisubiri upasuaji. Nimepiga magoti, maneno yamegoma. Basi nimelivuta daftari la kazi. Kurasa za mbele ni vipimo vya wateja: kiuno, mabega, urefu wa mkono. Za nyuma nimekuwa nikiandika, mstari mmoja mmoja, mambo ambayo Mungu amenitendea. Wa mwaka 2016 una doa la mafuta ya cherehani, maana simu ya hospitali ilinikuta kazini: "Mtoto ameanza kupumua bila mashine." Nimeupapasa kwa kidole, nikaenda kuoga.

Saa 2 asubuhi. Magauni mawili ya harusi, zipu zote mbili zinapinda. Mteja ananiambia, "Pole mama, Mungu ni mwema." Nimemshukuru, ingawa rohoni nilitaka kumwuliza amejuaje.

Saa 6 mchana. Sindano imekatika, na kabla sijaibadilisha simu imeita. Upasuaji umeahirishwa tena. Nimekaa tu, mguu juu ya pedeli, kitambaa kimebanwa nusu.

Hapo ndipo ninapoipendea Zaburi ya 77. Asafu, mtunzi wake, haanzi na shangwe. Usingizi umempaa, anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake. Mpaka mstari wa 11 ndipo anaamua kuyakumbuka matendo ya Bwana, na anakwenda mbali, hadi siku Israeli walipovushwa baharini. Halafu zaburi inakatika pale pale, kwa Musa na Haruni. Shida yake iliishaje? Hatuambiwi. Zamani jambo hilo lilinikera. Siku hizi linanifaa, kwa kuwa nami sijui yangu itaishaje.

Tena daftari langu halina ushindi mtupu. Kuna mstari nilioukwepa kwa miaka: "Baba amefariki leo. Sikuwa peke yangu." Tulikuwa tumemwombea apone. Mchana huu nimeusoma wote, bila kuruka neno. Daudi naye, alipomweleza mfalme Sauli jinsi Mungu alivyomwokoa na simba na dubu, alikuwa anasimulia mambo ya kazini kwake, malishoni, na makucha alikuwa ameyaona kwa macho. Nimebadilisha sindano.

Saa 10 jioni. Wodini. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nimemsomea kurasa za nyuma polepole. Nilipofika mwisho akanitazama kama mtu aliyepunjwa.

"Na ule mwaka tuliotolewa kwenye nyumba?"

"Upi?"

"Tulipopewa chumba na yule mzee wa kanisani. Miezi mitatu, bila kodi. Hukuandika?"

Sikuandika. Nilikuwa nimesahau kabisa, mimi mwenye daftari! Akacheka hadi akashika ubavu, muuguzi akaja kutazama kuna nini. Nikaazima kalamu kwa muuguzi huyo huyo, nikaandika huku mume wangu akinisahihisha: mlango ulikuwa wa kijani, na mzee alitupa ufunguo kabla hatujamaliza kujieleza.

Saa 4 usiku. Nyumbani. Watoto wamelala. Nimeongeza mstari mmoja: "Upasuaji umeahirishwa. Amecheka." Gauni la pili bado linanisubiri, zipu imeshikizwa kwa pini.