Picha ya kadi niliyoituma usiku

Nina duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Kubeti nabeti tangu zamani. Timu yetu ya Coastal ikicheza uwanja wa Mkwakwani naweka elfu mbili, tatu, kwa pesa ya simu, basi. Mwaka jana mtu akanitumia kiungo cha kasino ya mtandaoni ya nje. Ile haipokei pesa ya simu, inataka kadi. Nikachukua kadi ya benki, ileile ya akaunti inayoingiza mauzo ya duka, nikajaza tarakimu 16, tarehe ya mwisho na zile tatu za nyuma. Nikaweka dola 20.

Nikashinda dola 40. Nilipotaka kuzitoa, watu wa huduma kwa wateja wakaniandikia: tuma picha ya kadi, mbele na nyuma, tuhakikishe ni yako. Ilikuwa saa nne usiku. Nikailaza kadi juu ya kaunta chini ya taa, nikapiga picha mbili, kila namba inasomeka. Nikatuma.

Kampuni ya kweli nayo inaweza kuomba picha ya kadi. Lakini itakwambia uzibe namba za katikati, zibaki sita za mwanzo na nne za mwisho, na zile tatu za nyuma uzifunike kabisa. Anayetaka kuziona zote anataka kununua vitu kwa kadi yako. Hili nilikuwa silijui.

Alhamisi ikaingia meseji: imekatwa dola 1. Nikadhani makato ya benki, nikaendelea na kazi. Kumbe wezi huijaribu kadi kwa kiasi kidogo kwanza, waone kama iko hai. Jumapili saa nane usiku simu ikatetemeka mara tatu: dola 60, dola 85, dola 85. Hakuna namba ya kuthibitisha iliyotumwa kwangu, maana wauzaji wengine wa nje hawaitumii hatua hiyo. Namba za kadi zinawatosha.

Palepale kitandani niliingia kwenye programu ya benki nikaifunga kadi, ndipo nikapiga simu. Nashukuru nilianza na kufunga, kwa sababu simu ile ilipokewa baada ya nusu saa.

Lakini Jumatatu sikwenda benki. Jumanne sikwenda. Niliona aibu, nitamwambia nini mtu wa benki, kwamba nilikuwa kwenye kasino? Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuhura, mbona hulali?" Nikamweleza yote, na kwamba ada ya mtoto ilikuwa humo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ulicheza usicheze, hizo hukuzitoa wewe. Nenda."

Dada wa benki alinipa fomu ya kupinga miamala, kila muamala mstari wake, akaniagiza taarifa ya polisi. Nikamwambia ukweli kuhusu kasino. Akasema, "Kaka, za kwako na za mwizi tuzitenganishe." Dola 20 niliyoweka mwenyewe haipingiki, ningeichanganya na zile nyingine, dai lote lingeharibika. Akanieleza pia jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: kadi zetu hizi nyingi si za mkopo. Kadi ya mkopo ikiibiwa, inayoguswa kwanza ni pesa ya benki, nawe unabishana na deni. Hii yetu huchota moja kwa moja kwenye akaunti yako, na unapobishana, mfuko wako tayari mtupu. Mimi nilisubiri wiki saba ndipo zikarudi. Ada nilikopa kwa kaka yangu.

Sasa nina akaunti ya pili yenye kadi yake. Nikitaka kulipia kitu mtandaoni nahamishia kiasi kilekile, na manunuzi ya mtandaoni nimeyazima kwenye programu. Nawasha, nalipa, nazima. Kadi ya duka haijaonwa tena na tovuti yoyote. Kubeti nimerudi kwenye kampuni zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ninalipa kwa simu, namba ya siri naibonyeza mwenyewe. Alama ya kufuli kwenye tovuti hainidanganyi tena. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefungwa yasisomwe njiani. Aliyeko upande wa pili anaweza kuwa mwizi.

Mwezi mmoja baada ya pesa kurudi, nikapigiwa simu. Kijana mwenye sauti ya upole: "Mzee, napiga kutoka makao makuu ya benki yako. Kuna fidia yako ya ziada. Nisomee namba iliyoingia sasa hivi." Jina langu analijua, kiasi nilichoibiwa anakijua. Nilikuwa na mteja mbele yangu, mikono imejaa grisi. Nikaifungua meseji kwa kidole kidogo, nikaisoma yote, si namba tu. Ilikuwa ni namba ya kusajili akaunti yangu kwenye simu nyingine, na chini yake imeandikwa usimpe mtu yeyote.

"Mzee, inaisha muda, soma haraka."

Nikakata simu, nikaituma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, nikarudi kumfungia mteja mnyororo wake.