Kitunguu saumu kwenye maharage yangu

Wiki tatu sasa nanuka kitunguu saumu, na nyumbani wameshanizoea.

Ilianza na vidoa vidogo chini ya majani ya maharage. Nikapitisha kidole, kikatoka na unga wa rangi ya kutu. Basi, kutu yenyewe hiyo, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu. Nikaamua kujaribu dawa za mimea kabla ya zile za dukani.

Kosa la kwanza: nilitwanga kitunguu saumu na kukipika hapo hapo. Kumbe alisini, ile kemikali inayopambana na kuvu, hutengenezwa kitunguu kinapopondwa, na moto huiharibu. Siku hizi naponda, naacha dakika kumi, naloweka kwenye maji baridi usiku kucha, nachuja kwa kitambaa (usipochuja vizuri bomba linaziba, niulize mimi). Natia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike kwenye jani, kisha napulizia jioni, hasa upande wa chini.

Majani yaliyokwisha kushambuliwa hayakupona hata moja. Niliyang'oa na kuyafukia mbali. Ila machipukizi yaliyotoka baadaye mengi yako safi, isipokuwa mstari wa mwisho ambao nilipanda kwa kubananisha, hewa haipiti, umande haukauki mapema. Huo umenishinda.

Mvua ikinyesha, narudia kupulizia, maana yote huoshwa. Msimu ujao najaribu mwarobaini, na ule mstari naupanua kwanza.